Mgeni, Mwenyeji na Mita ya Nyumba

Historia ya kompyuta tunayosimuliwa mara nyingi ni historia ya matajiri. Fulani alianzia gereji, fulani aliacha chuo, leo ana ndege yake. Haya, tumesikia. Leo, ndugu msomaji, naomba nikupe historia ya swali moja dogo lisilo na gereji wala ndege, ambalo hata hivyo limewatoa jasho wahandisi kwa zaidi ya miaka 50. Mgeni akimwuliza mwenyeji wake, "Hii nyumba inakwenda kwa nguvu kiasi gani, na mimi natumia kiasi gani?", ajibiwe nini?

Usidhani nimehamia kwenye mambo ya adabu na ukarimu. "Mgeni" na "mwenyeji" ni maneno ya fani yenyewe. Ndani ya kompyuta moja kubwa ya chuma huweza kuishi kompyuta nyingine kumi, ishirini, hata mia, ambazo hazina bati wala waya. Ni programu tupu, lakini kila moja inajiona kompyuta kamili yenye prosesa yake, kumbukumbu yake na diski yake. Tunaziita mashine pepe, kwa neno lile lile la barua pepe. Kila mashine pepe ni mgeni, na ile ya chuma inayozibeba ni mwenyeji. Baina yao husimama programu moja yenye mamlaka juu ya wote. Mimi nitaiita msimamizi. Kijana wa Nairobi au Dar anapokodi seva kwa dola chache kwa mwezi, mara nyingi hakodi chuma. Anakodi ugeni.

Na hapo ndipo swali letu linapoanza kuuma. Anayelipa anataka kusoma mita. Lakini mita ni ya nyumba nzima, na ndani mna wapangaji wengine. Msimamizi ana majibu matatu tu ya kumpa mgeni: amwambie ukweli, amdanganye, au amkatalie. Yote matatu yamejaribiwa, na yote matatu yamewatokea watu puani.

WAGENI KUMI NA WANNE

Mwaka 1964 kampuni ya IBM ilifungua kituo cha utafiti mjini Cambridge, katika jimbo la Massachusetts, Marekani, jirani kabisa na chuo cha MIT. Siku zile kompyuta moja ilijaza chumba, na kila mtu alitaka aipate peke yake. Kundi lililoongozwa na Robert Creasy likaja na wazo la ajabu: badala ya kumgawia kila mtu vipande vya muda kwenye kompyuta moja, kwa nini asipewe kompyuta nzima ya bandia? Mfumo wao ukaitwa CP-40, ukaanza kazi Januari 1967. Uliweza kubeba mashine pepe 14 kwa wakati mmoja, kila moja na kumbukumbu ya kilobaiti 256. Leo simu ya mfukoni mwako inaicheka namba hiyo, lakini siku zile ilikuwa si mchezo. Mwaka 1972 IBM ikaitangaza bidhaa kamili kwa jina la VM/370.

Ujanja wenyewe ulikuwa hivi. Prosesa ina amri za aina mbili. Kuna amri za kawaida, kama kujumlisha na kutoa, ambazo programu yoyote inaruhusiwa kuzitumia. Halafu kuna amri za cheo, ambazo ni mwenye mamlaka peke yake anayeruhusiwa, kama kuzima kengele za mashine au kugusa vifaa vyake. Mgeni akitumia amri ya kawaida, anaachiwa aende moja kwa moja kwenye chuma. Akijaribu amri ya cheo, prosesa inamkamata papo hapo na kumkabidhi kwa msimamizi. Msimamizi anaangalia mgeni alitaka nini, anamtengenezea jibu, kisha anamrudisha kazini. Mgeni hajui kama alikamatwa. Yeye aliuliza, akajibiwa, basi.

Julai 1974 wataalamu wawili, Gerald Popek na Robert Goldberg, wakaiweka hekima hiyo katika makala ya kihesabu ambayo mpaka leo wanafunzi wanaisoma. Walisema msimamizi wa kweli lazima atimize mambo matatu: mgeni aone yale yale ambayo angeyaona kwenye chuma halisi, kazi nyingi ipite moja kwa moja bila kukamatwa, ili mwendo usife, na msimamizi asipokonywe mamlaka juu ya mali ya nyumba. Lakini katika sharti lile la kwanza waliacha mlango mmoja wazi. Mgeni aone yale yale, walisema, isipokuwa tofauti zitokanazo na uchache wa mali, na tofauti zitokanazo na muda.

Muda! Hebu simama hapo kidogo. Mabwana hawa walijua kwamba mtu anayeshirikiana mashine na wenzake hawezi kupata muda ule ule ambao angeupata akiwa peke yake. Kwa hiyo muda wakautoa nje ya ahadi. Lilikuwa jambo la busara. Ila miaka 19 baadaye, kampuni nyingine kabisa ikatengeneza prosesa yenye vidude ambavyo kazi yao ni kupima muda na jasho la mashine, na swali likaingia kwa mlango ule ule ulioachwa wazi.

MITA ZA SIRI

Prosesa ya Pentium ya kampuni ya Intel ilitoka mwaka 1993. Ndani yake mlikuwa na saa inayohesabu kila pigo la prosesa tangu iwashwe, na pamoja na saa hiyo, rejista mbili za kuhesabu. Rejista ni kisanduku kidogo kabisa ndani ya prosesa, chenye nafasi ya namba moja. Hizi mbili uliweza kuziambia: hesabu ni amri ngapi zimetekelezwa, au ni mara ngapi prosesa imekosa kitu kwenye hifadhi yake ya karibu ikalazimika kukifuata mbali, au ni mara ngapi imebahatisha njia ikapotea. Kwa mwandishi wa programu, hiyo ni dhahabu. Programu yako ikiwa nzito, mita hizi zinakuonyesha uzito uko wapi.

Sasa kiroja. Intel hawakueleza mambo haya hadharani. Maelezo waliyaweka katika kiambatisho H cha kitabu cha prosesa, na ili ukipate ulitakiwa utie sahihi ya kutunza siri. Ndipo Terje Mathisen, mtaalamu wa programu kutoka Norway, akakaa chini na mashine, akaichokonoa mpaka ikasema. Julai 1994 jarida la Byte likachapa makala yake, na mita zikawa mali ya kila mtu. Natamani kila kijana anayedhani kwamba kuandika makala ni kupoteza wino aikumbuke habari hii. Kurasa chache za jarida zilifungua kabati ambalo kampuni kubwa ilikuwa imelifunga kwa mikataba.

Rejista hizo ni sehemu ya kundi kubwa liitwalo MSR, yaani rejista maalumu ambazo kila aina ya prosesa ina zake. Kuzisoma na kuziandika ni amri za cheo. Miaka ilivyokwenda kundi likakua, na zile zinazohusu utendaji wa prosesa zikawa koo tatu, ambazo naomba uzishike kichwani maana tutazirudia. Ukoo wa kwanza ni wa kuhesabu: mapigo, amri, makosa. Ukoo wa pili ni wa mwendo: rejista zinazosema prosesa inakwenda kwa kasi gani sasa, na zinazoiomba iongeze au ipunguze. Ukoo wa tatu, uliokuja mwaka 2011, ni wa umeme: rejista zinazosema prosesa imekula nishati kiasi gani.

CAMBRIDGE YA PILI

Pentium na ndugu zake walikuwa na kasoro moja kwa watu wa mashine pepe. Sharti la kumkamata mgeni linahitaji kila amri nyeti iwe ya cheo. Mwaka 2000 John Scott Robin na Cynthia Irvine walizipitia amri za Pentium moja moja, wakakuta 17 zinazovunja sharti hilo. Mgeni akizitumia hakamatwi. Anapewa jibu lisilo sahihi, au amri inapita kimya kana kwamba haikutolewa.

Kampuni ya VMware, iliyoanzishwa mwaka 1998 huko California, ilikwepa tatizo hilo kwa kutafsiri amri za mgeni huku zikienda, na mwaka 1999 ikauza bidhaa yake ya kwanza. Katika historia ya swali letu VMware wana sehemu ya heshima, kwa sababu walikiri wazi kwamba mgeni ana nyakati mbili. Waliweka mlango mdogo ambao mwenye mashine anaweza kuufungua. Mgeni akisoma kihesabio chenye namba fulani ambayo kwenye chuma halisi haipo, anapewa saa ya kweli ya mwenyeji. Akisoma kinachofuata, anapewa muda halisi uliopita. Akisoma cha tatu, anapewa muda kama unavyoonekana kwake yeye mgeni. Kumbe ukweli na maono vinaweza kukaa kwenye rafu moja, kila kimoja na lebo yake! Ningependa wengine wote wangeiga.

Mwaka 2003, katika Cambridge nyingine, hii ya Uingereza, watafiti wa chuo kikuu walitoa msimamizi aitwaye Xen. Wao walisema: tusimdanganye mgeni kwamba yuko kwenye chuma, tumbadilishe kidogo ili ajue kwamba ni mgeni na aombe kwa adabu. Mwaka 2005 Intel wakaongeza ndani ya prosesa msaada rasmi kwa mashine pepe, AMD wakafuata mwaka 2006. Msaada huo ulikuja na kitu ambacho kwa mada yetu ni kikubwa: ramani ya ruhusa. Kwa Intel ni ukurasa mmoja wa kumbukumbu, baiti 4096, ambamo rejista za kundi la MSR zina kila moja alama yake ya kusomwa na alama yake ya kuandikwa. Alama ikiwa sifuri, mgeni anapita moja kwa moja hadi kwenye chuma. Ikiwa moja, anakamatwa na kupelekwa kwa msimamizi. Kwa hiyo tangu siku hiyo, kusema "sikuweza kumzuia mgeni" hakukuwa tena na maana. Kila mlango ukawa na kitasa, na mwenye ufunguo akajulikana.

Agosti 2006 Amazon ikaanza kukodisha mashine pepe kwa saa, juu ya Xen. Mwezi Februari 2007 msimamizi mwingine, KVM, aliyeandikwa na Avi Kivity wa kampuni ya Qumranet, akaingia ndani ya kiini cha Linux. Wageni walikuwa 14 mwaka 1967. Sasa wakawa hawahesabiki, na kila mmoja analipa.

ELFU MOJA NA NNE

Haya, wageni wamejaa. Wanauliza. Wanajibiwaje?

Tuanze na uongo, maana ndio rahisi. Ndani ya KVM kuna rejista moja ya ukoo wa mwendo, ile inayotakiwa kusema prosesa inakwenda kwa kasi gani sasa hivi. Mgeni akiisoma, msimamizi haendi kuangalia chuma hata kidogo. Anatoa namba iliyoandikwa tayari: elfu moja katika sehemu moja, na nne katika sehemu nyingine. Prosesa iwe mpya au kuukuu, iwe imelala au inachemka, jibu ni elfu moja na nne. Kuna mifumo ambayo isipopata jibu linaloonekana la maana inashindwa kupiga hesabu zake, kwa hiyo inapewa kitu cha kuitulizia roho. Hali kadhalika, KVM ana swichi ambayo mwenye mashine akiiwasha, rejista yoyote isiyojulikana inajibiwa sifuri, na chochote ambacho mgeni atajaribu kuiandikia kinatupwa.

Usikimbilie kuwalaani. Jibu la pili, yaani kukataa, nalo lina madhara yake. Kwenye chuma halisi, mgeni akigusa rejista isiyokuwepo prosesa humpigia kelele ya kosa. Msimamizi anaweza kumpigia kelele hiyo hiyo, na kisheria huo ndio ukweli: kitu hiki huna. Mfumo ulioandikwa kwa uangalifu utasikia, utasema sawa, utaendelea na njia nyingine. Lakini iko mifumo ambayo waandishi wake hawakuwahi kufikiria kwamba prosesa ya aina hiyo inaweza kukosa rejista hiyo. Ikikataliwa, inaanguka chini kifudifudi.

BEI YA UKWELI

Na ukweli je? Mwaka 2012, katika toleo la 3.3 la Linux, KVM alianza kuwapa wageni vihesabio vya ukoo wa kwanza. Lakini angalia ukweli huu unavyopatikana. Prosesa nyingi za Intel za wakati huo zilikuwa na vihesabio vya matumizi yoyote vinne tu kwa kila uzi wa kazi, na vingine vichache vyenye kazi maalumu. Mwenyeji mwenyewe anavihitaji, kwa mfano kwa mlinzi wake anayekagua kama mashine imekwama. Kwa hiyo mgeni akiomba kuhesabu, msimamizi anakwenda kuomba nafasi kwa mwenyeji kama mteja mwingine yeyote, anafungua hesabu mpya, anaisimamisha mgeni anapotolewa kwenye prosesa, anaiendeleza anaporudishwa. Kila mara mgeni anapogusa mpangilio wa kihesabio, anakamatwa na safari nzima inaanza upya. Kupima kunakula muda unaopimwa. Ni kama kumlipa mtu aje akuhesabie fedha zako, halafu ujira wake unautoa kwenye fedha hizo hizo. Ndiyo maana mwaka 2024 wahandisi wa Intel na Google walipeleka pendekezo kwamba mgeni akabidhiwe vihesabio vya chuma chenyewe muda wote awapo kwenye prosesa, kisha anyang'anywe anapotoka.

Upande wa Xen ukweli ulikuwa na kasheshe zaidi. Mwaka 2015 mradi wa Xen ulitangaza rasmi kwamba sehemu yake ya kuwapa wageni vihesabio haihesabiki kuwa salama. Anayeiwasha aiwashe kwa hatari yake. Mwaka uliofuata ikaja njia ya katikati. Brendan Gregg, aliyekuwa akifanya kazi Netflix, aliongeza uwezo wa kumfungulia mgeni orodha fupi tu. Orodha ya kwanza ina vihesabio vya mapigo na amri zilizotekelezwa, basi. Ya pili ina matukio saba yanayofanana kwa kila prosesa ya kisasa ya Intel. Mgeni hapewi kabati lote, anapewa droo moja. Na mwaka 2017 Gregg akaandika kwamba hatimaye mita zinasomeka kwenye mashine za Amazon, kwa yule aliyekodi chuma kizima peke yake.

Hapo "peke yake" ndipo palipo na siasa yote. Mwenye fedha za kukodi nyumba nzima anasoma mita. Mpangaji wa chumba hasomi. Miaka michache iliyopita nilikodi mashine pepe ndogo kwa kampuni moja ya ng'ambo, nikawa na programu inayochechemea, nikaagiza chombo cha kupimia kinihesabie mapigo na amri. Badala ya namba nikapewa neno moja: haiwezekani. Nilichoruhusiwa kuona ni safu moja ambayo Linux yenyewe inaiita muda ulioibwa, yaani muda ambao nilikuwa tayari kufanya kazi lakini prosesa ilikuwa kwa jirani. Niliambiwa nimeibiwa kiasi gani. Sikuruhusiwa kujua nilichobakiwa nacho nilikitumiaje.

JIRANI ANAPIGA PASI

Lakini haki ina upande wa pili, na hapa ndipo mimi mwenyewe napata tabu kuamua.

Wengi wetu tumekulia au tumeishi nyumba za kupanga, familia tano mita moja. Ukikaa ukiitazama mita inavyokwenda, utajua mengi. Utajua jirani anapiga pasi. Utajua yuko nyumbani au katoka. Hujachungulia dirishani, hujafungua mlango wa mtu, umesoma mita tu.

Januari 2018 dunia ilitangaziwa udhaifu wa prosesa uliopewa majina ya Meltdown na Spectre, na watu wakaelewa kwamba ukipima muda kwa umakini unaweza kuchota siri kutoka mahali ambapo huruhusiwi kuingia. Tarehe 10 Novemba 2020 ikafuata habari iliyogusa ukoo wa tatu wa rejista zetu, ule wa umeme. Watafiti wa chuo cha ufundi cha Graz, Austria, pamoja na wenzao wa Birmingham, Uingereza, na wa kituo cha CISPA, Ujerumani, walitangaza shambulio waliloliita PLATYPUS. Walionyesha kwamba kwa kusoma rejista za nishati tu, mara nyingi na kwa subira, mtu anaweza kutofautisha ni amri gani zinatekelezwa na ni namba gani zinashughulikiwa, mpaka kuchota funguo za siri. Kumbuka, umeme ni wa prosesa nzima. Mita inayomwonyesha mgeni jasho lake inamwonyesha pia jasho la jirani.

Siku hiyo hiyo mradi wa Xen ulitoa tangazo la usalama namba 351. Kwa nini Xen? Kwa sababu kwa miaka mingi Xen alikuwa na desturi ya ukarimu wa kupita kiasi. Mgeni akisoma rejista ambayo msimamizi haijui, msimamizi alimsomea thamani halisi kutoka kwenye chuma. Kwa rejista za mwaka 2003, pengine haikuwa na madhara. Ila kila prosesa mpya ilikuja na rejista mpya, na kila rejista mpya ikawa wazi kwa mgeni bila mtu yeyote kukaa na kuamua kwamba iwe wazi. Rejista za umeme zilipita humo. Hakuna aliyezifungua, ila hakuna aliyezifunga.

REJISTA NAMBA 199

Wahandisi wa Xen walikuwa wameshaanza kuigeuza desturi hiyo. Septemba 2020, katika matoleo ya maandalizi, waliandika kanuni mpya: rejista ambayo hatukuiamulia, mgeni akatazwe. Ni kanuni safi. Mimi ningeipigia kura.

Basi wakaanza kupata habari za vifo. Mgeni aliyekuwa akiendesha Windows alikuwa akisoma rejista namba 199, kwa hesabu ya msingi wa 16. Hiyo ni ya ukoo wa pili, ile ya kuiomba prosesa ibadili mwendo. Zamani alikuwa akijibiwa. Sasa akakataliwa, na Windows haikuwa na mpango wa kukataliwa hapo. Ikaanguka. Wakati huo huo, mgeni mmoja wa heshima, yule ambaye Xen humwachia kusimamia mwendo wa prosesa kwa niaba ya nyumba nzima, naye akanyimwa kusoma rejista 198 na 199 ambazo ni za kazi yake.

Suluhisho likawa la kumtofautisha mgeni na mgeni. Mwenye dhamana ya kusimamia mwendo anasoma namba halisi. Wengine wote wanaosoma 198 na 199 wanapewa sifuri, na wakijaribu kuiandikia 199 neno lao linatupwa kimya kama lilivyokuwa likitupwa siku zote. Katika toleo la 4.15, la mwaka 2021, kukaongezwa na chaguo kwa yule mwenye mgeni dhaifu asiyestahimili kukataliwa: mgeni huyo awekewe ulegevu, kila asichoruhusiwa kusoma ajibiwe sifuri.

Nimeitazama sifuri hii kwa muda mrefu. Si ukweli, kwa sababu hakuna prosesa inayofanya kazi kwa mwendo wa sifuri. Haitoi siri ya jirani. Haimwangushi mgeni. Ni jibu ambalo halimdhuru mtu yeyote leo. Lakini mwandishi wa programu atakayelipokea kesho bila kujua asili yake ataligawanya, atalizidisha, atalichorea na grafu. Kukataliwa kungemwambia atafute njia nyingine. Sifuri imemwambia kwamba amefika.

Sisi tunaopeleka hadithi na mashairi kwa wahariri tunaujua uchungu huu. Mhariri anayekurudishia mswada na neno "hapana" amekuheshimu kuliko anayekujibu "nzuri, endelea" kisha asiuchape milele. Tofauti ni kwamba mhariri anaweza kulaumiwa, ilhali msimamizi wa mashine analazimishwa na mgeni wake. Ni Windows iliyoshindwa kusikia "hapana" ndiyo iliyomfanya mwenyeji aseme sifuri. Kila programu tunayoiandika bila kufikiria kunyimwa inaongeza sababu ya mtu mwingine kuidanganya.

Kwa hiyo msimamo wangu, kwa faida ya wale watakaotaka kubishana nami toleo lijalo, ni huu. Rejista za umeme zibaki zimefungwa kwa mpangaji wa chumba. Haki ya jirani ni kubwa kuliko udadisi wangu. Rejista za mwendo akabidhiwe mwenye dhamana peke yake. Lakini vihesabio vya msingi, mapigo yangu na amri zangu mwenyewe, hivyo nidai navyo. Njia ya katikati ya mwaka 2016 ilionyesha kwamba droo moja inaweza kufunguliwa bila kufungua kabati. Na pale ninaponyimwa, ninyimwe kwa sauti, nisipewe namba ya kunifurahisha.

Wewe unayekodi mashine pepe kwa ajili ya mradi wako, kabla hujalipa waulize wakodishaji maswali mawili: vihesabio gani viko wazi kwa mgeni, na visivyo wazi vinajibiwa nini. Wengine hawatakuelewa. Waandikie tena, kwa Kiswahili kama wako hapa kwetu, na kwa lugha yoyote kama wako mbali. Na wewe unayeandika programu, kila unaposoma kitu kutoka kwenye mashine, andika pia mstari wa kushughulikia "hapana". Ni mistari mitatu au minne tu.